Kuachishwa Ziwa

Mwezi wake wa kumi nikapaka shubiri.
Shigela akanyonya mara moja, akaniangalia
kama mtu aliyekuta kwao pamebadilishwa kitasa.
Mama mkwe alisimama kizingitini:
"Una mimba. Maziwa hayo sasa ni ya mwingine.
Mwachishe ziwa, usije ukambemenda."
Nikamwachisha.

Kwetu Kayenze neno ni moja, ziwa na ziwa.
La kifuani nililifunga kwa khanga.
La nje likabaki wazi, limejaa hadi Ukerewe,
na taa za wavuvi usiku kucha.

Nikamkorogea uji wa udaga,
mweupe, mwepesi,
ua lililochorwa chini ya kikombe ukaliona.
Akashiba maji.
Mashavu yakajaa, miguu ikajaa,
Kalekwa jirani akasema, "Mwanao kanona!"
Nami, mjinga wa furaha, nikamnunulia viatu.
Havikuingia.

Nesi Paskazia hakumsifu.
Alibonyeza kidole juu ya mguu, akakiondoa.
Shimo likabaki, kama kwenye tope la ufukweni.
Akazungusha utepe mkononi pake,
akashika nywele zilizokuwa rangi ya kutu.
Mtoto hakulia. Hakutazama hata sindano.
Hakunigombeza, nesi yule. Aliuliza tu:
"Unafanya kazi gani, mama?"

"Naanika dagaa."

Aliacha kuandika.
Magamba yalikuwa bado yamening'ang'ania vidoleni,
na saa ileile lori lilikuwa likipakia magunia yetu,
linapeleka mbali, kwa kuku,
kuku nisiowajua, wenye miguu mikavu.

Wiki tatu wodini mjini.
Maziwa kwa kipimo, usiku kwa kengele.
Siku aliyonitupia kikombe kwa hasira
ndiyo siku niliyojua amerudi.

Nyumbani, mama mkwe hakusema neno.
Alileta kinu. Akakata vichwa vya dagaa,
akatwanga, akachekecha mara mbili
kama anayetafuta pete iliyopotea kwenye unga.
Uji ukawa mzito, kijiko kikasimama wima.
Ziwa la kifuani halikurudi.

Jioni gunia la Bwana Mugeta
likapungua kwenye mzani.
Karani akanitazama, kalamu hewani.
Andika, nikamwambia.
Konzi mbili.
Andika kwamba ziwa lilikuwa na mtoto.