Kipimamvua cha Shule Yetu

Wizara ilituletea kipimamvua,
chupa ya plastiki yenye mistari myekundu.
Tukakifunga kwenye nguzo karibu na choo.
Kazi ya kukisoma akapewa Nibaldo
kwa kuwa ndiye anayewahi kufika.
Kila asubuhi anaandika daftarini: sifuri.
Sifuri. Sifuri.
Jumatano moja: sifuri, na buibui.

Huku kwetu, pwani ya kaskazini ya Chile,
jangwa linashuka mpaka linaosha miguu baharini.
Mama ana miaka thelathini na minne.
Amenyeshewa mara mbili,
na zote mbili anazisimulia.

Mwalimu Ercilia katoka kusini,
ambako, anasema, mvua hainyeshi, inaishi;
inajua majina ya watu na saa wanazotoka.
Alikuja na koti la mpira.
Lingali msumarini nyuma ya mlango,
limekakamaa kama ng'onda.

Siku ya msamiati aliandika ubaoni:
mvua, radi, theluji, mvuke, ukungu, tetemeko.
"Nyoosha mkono kama unalijua neno
kwa ngozi yako, si kwa kitabu."

Mvua: mikono mezani.
Radi: Yarela alinyoosha nusu,
akasema aliiota tu, akaurudisha.
Theluji: ile ya vilele vya mbali,
nyeupe kama meno ya mtu mwingine.
Ukungu:
darasa zima likasimama.

Maana ukungu sisi tunauvua.
Unapanda kutoka baharini, mzito, baridi,
unapenya nyavu tulizotundika mlimani.
Tone linashika uzi, linamwita mwenzake,
yanateremka mferejini hadi tangini.
Tunanawa wingu. Tunapikia maharage wingu.
"Mvuke ukipoa ukawa maji," akasema mwalimu,
"huo huitwa mtonesho."
Nibaldo akasema, kwao huitwa zamu ya Alhamisi.

Alipolifikia neno la mwisho
neno lenyewe likamtangulia.
Chaki zikaruka. Vioo vikatetemeka meno.
Sisi tulikuwa chini ya madawati kabla ya kuwaza,
viganja visogoni.
Mwalimu alibaki wima, kama alama ya kuuliza.
Yarela akatambaa, akamvuta sketi:
"Chini, mwalimu! Ni mabamba ya ardhi tu.
Moja linajipenyeza chini ya jingine,
linatafuta pa kulala."
Tulihesabu kwa sauti.
Tulipofika kumi na tisa, dunia ikanyamaza.

Hakutoka upesi. Alikaa pale, magoti kidevuni,
vumbi la chaki nyweleni,
akatuambia mvua.
Kwamba hutanguliwa na harufu, udongo unapopumua.
Kwamba juu ya bati ni kama mtu amemwaga kunde
na bado anamwaga,
hata ukimwita mwenzako hasikii,
basi mnacheka tu.
Kwamba viatu havikauki hadi Septemba.
"Havikauki?" tukauliza.
"Havikauki."
Tulimwonea wivu na huruma kwa pamoja.

Kwenye daftari langu kila neno lina maana yake.
Mbele ya mvua nimeacha mistari mitatu.

Asubuhi iliyofuata nguzo ilikuwa imeinama.
Buibui alikuwa ameshafuma upya mdomo wa chupa,
na ukungu ulikuwa umepita usiku.
Nibaldo alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida,
akaandika: sifuri.
Halafu, kwa herufi ndogo:
matone saba, ya buibui.

Mwalimu alipitia kwa kalamu nyekundu.
Hakulifuta hata moja.