Fremu ya Sita

Nilipiga kofi moja katikati ya chumba,
kuta zikanirudishia kumi na mbili,
ndogondogo, za haraka, kama sarafu
zilizomwagika kwenye sakafu ya saruji.
Futi tisa kwa kumi, Walukuba, Jinja,
mabati juu, kinu cha mahindi uani,
na dada yangu Kagoya mlangoni, anacheka:
“Hata kofi lako lina umbea.”

Kwanza nilibandika trei za mayai,
mia mbili na arobaini, alizonitunzia Kitimbo
miezi mitano kando ya kikaango chake cha roleksi.
Kwenye picha zilipendeza.
Kofi likabaki na umbea wake,
na mende wakaja usiku kuulizia mayai.

Nikaacha kusikiliza watu, nikasikiliza kona.
Besi ikishaingia haitoki:
hujibanza pembeni
kama shemeji aliyekuja kwa siku tatu,
wiki ya tisa bado anaomba chai.

Adriko seremala akaranda mbao za msonobari,
fremu sita, kina cha shubiri.
Hakuuliza kitu hadi ya nne.
“Madirisha?”
“Hapana.”
“Vitanda vya watoto?”
“Vya sauti. Zipate pa kulala.”
Akapunguza bei, labda kwa huruma.

Ndani nikashindilia mabaki ya mafundi cherehani:
ncha za magauni ya harusi, sare za shule,
mfuko wa shati la askari, kifungo chake kimefungwa bado.
Magunia saba. Nilipiga chafya hadi Ijumaa.

Kagoya akatelezesha kioo ukutani, polepole,
nami kitini, shingo nimeikaza.
“Unaiona spika?”
“Bado.”
“Sasa?”
“Nakiona kidole chako.”
“Sasa?”
Sasa.
Tukatia chaki hapo,
mahali sauti inapogonga ukuta
kabla ya kuja kwangu kusema uongo.

Kitambaa cha kufunikia sharti kipitishe pumzi.
Nilibakiwa na shilingi elfu kumi na nane.
Shangazi Nangobi alikuwa na lubugo kabatini,
rangi ya udongo uliolowa mvua,
gome la mutuba lililopondwa hadi likalainika,
aliyojiwekea kwa siku ya maziko yake.
Akaishika mbele ya mdomo, akapuliza.
Pumzi ikapita, ikanigusa koo.
“Chukua,” akasema. “Mimi sina haraka.”

Jumapili nikapiga kofi.
Ta.
Basi. Likafa papo hapo, bila matanga.
Nikaruka kama mtoto.

Yeye ndiye niliyemwita wa kwanza kuimba.
Aliimba mstari mmoja, akanyamaza,
akatazama kuta zilizovaa sanda yake.
“Nimeimba. Nani kanisikia?”
Nikamweleza mambo ya mwangwi, ya besi, ya kioo.
Akaningoja nimalize.
“Baba yako, kabla ya kupanga embaire,
alichimba shimo chini yake, la kufika kiunoni.
Ubao bila shimo, alisema, ni kuni.
Yeye alichimba. Wewe umekuja kufukia.”

Sikuwa na jibu; nilikuwa na bisibisi.
Nikaifungua fremu iliyokuwa mbele ya uso wake,
ukuta mtupu ukatokea, na alama ya chaki.

Mvua ikaja. Juu ya mabati hakuna fundi.
Tukakaa nusu saa, tunatazamana, hatusikilizani.

Ilipokatika akaimba tena, amesimama,
na ule ukuta mmoja ukamjibu kidogo,
kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha pili.
Ukivaa vipokea sauti utausikia,
na nyuma yake kabisa, neno la tatu,
Kitimbo anavunja yai.
Sijalikata.

Fremu ya sita aliondoka nayo kwapani.
“Hii nirudishie,” alisema.
“Sina haraka, ila sijasahau.”