Robo Saa Yetu

Mama yangu hukwangua barabara.
Usiku kucha, peke yake, ndani ya lori la njano
lenye jembe pana kama mlango wa zizi,
husukuma theluji kulia, husukuma theluji kushoto,
krrrr, krrrr,
ili watu wa Ivalo wakiamka wapate pa kupita.

Mimi hulala.
Bibi Impi hukoroma.
Mbwa hukoroma pia, lakini kwa adabu.

Huku kwetu Desemba jua halichomozi.
Limejifunika shuka gubigubi mpaka Januari,
kwa hiyo asubuhi haina alama nyingine
ila hii: mabuti mawili yakikung'utwa kizingitini,
pu, pu!

Saa kumi na mbili na nusu, Mama yuko ndani.
Saa moja kasorobo, basi la shule liko nje.
Piga hesabu mwenyewe.
Robo saa.
Robo saa tu,
lakini ni yetu, hata mbwa haruhusiwi kuilamba.

Dakika ya kwanza ni ya nyusi.
Nyusi za Mama huja na barafu,
nami huiyeyusha kwa vidole gumba.
Yeye husema, "Taratibu, Oiva, hizo haziuzwi dukani."

Halafu uji wa shayiri,
siagi katikati, ikiyeyuka hadi iwe ziwa.
Kijiko changu ni bata.
Kijiko cha Mama ni bata aliyechoka.

Halafu maswali.
Huyaandika usiku kwenye vikaratasi
na kuyalaza ndani ya kiberiti kitupu:
Lori likipiga chafya, theluji huruka mpaka wapi?
Kulungu akisimama katikati ya barabara,
unampigia honi au unamsalimu?

Mama hujibu la pili kwanza.
"Namsalimu. Asipoitikia, ndipo napiga honi."

Sasa, Jumanne moja
Mama aliketi, akashika kijiko,
akafungua kinywa aniambie jambo,
na jambo lenyewe likasinzia njiani.
Kichwa kikashuka.
Kijiko kikabaki juu, kama bendera.

Robo saa yetu!
Nilitaka kulia.
Nilitaka kumtikisa bega.
Saa ya ukutani ilizitafuna dakika zetu, tik tik,
bila hata kuona haya.

Nikamtazama.
Kofia ilikuwa imemwachia mstari kwenye paji la uso.
Mkono wake ulinukia dizeli na kahawa.
Nikakitoa kijiko, kidole baada ya kidole.
Nikaburuta stuli yangu
mpaka bega langu likawa chini ya sikio lake,
nikafungua kiberiti,
nikamuuliza maswali yote kwa kunong'ona
na kuyajibu mwenyewe,
kwa sauti yake.

Basi likapiga honi.
(Halikusalimu kwanza.)
Nikamfunika Mama koti langu la mwaka juzi.
Lilitosha bega moja na nusu.
Nikaenda.

Jumatano kulikuwa bado giza totoro
niliposikia krrrr
chini ya dirisha langu.
Nikafuta sakitu kwenye kioo kwa kiwiko.
Taa ya lori ilizunguka uani, njano, njano,
na jembe lilikuwa likichora kitu kwenye theluji,
kitu kinene, kikubwa,
kilichopinda, kikapinda, kikapinda tena
mpaka kikakutana na mkia wake.

O.
O ya Oiva!
Nilicheka mpaka Bibi Impi akaacha kukoroma.

Pu, pu!

"Jana nilizila dakika zetu zote," Mama alisema mlangoni,
"tena bila chumvi. Leo nimezirudisha."

Nikatazama saa.
Saa kumi na mbili na robo.
Piga hesabu mwenyewe!

Tukaanza na nyusi.