Mafundo ya Kamba

Kazi yangu ilikuwa kushika kamba.
Dokta Holo Nkwabi ameinama ukingoni mwa boti,
mimi nateremsha sahani nyeupe, polepole,
mpaka aseme, "Basi. Imepotea."
Hapo nahesabu mafundo.
Mwaka wa kwanza, pale Luchelele, sita.
Mwaka nilipooa, manne.
Mwaka tulipomzika mama, fundo moja na ushee,
na ziwa linanuka kama ndoo ya matumbo ya sangara.

Watu husema macho hayana pazia.
Yeye alilipima hilo pazia.

Maabara yake chumba kimoja Igogo:
feni bovu, matangi ya vioo, furu wa kidole gumba.
Jike, alinifunza, huchagua mume kwa rangi,
wa juu buluu, wa chini mwekundu kama pilipili iliyoiva;
maji yakichafuka wote ni kijivu,
naye anaolewa gizani na asiyemjua.
"Andika, Bwire," akasema.
"Samaki huyu si kipofu. Amezimiwa taa."

Nikaandika. Sikujua naandika bango.

Jumatatu moja akajaza chupa Mto Mirongo,
chini ya bomba la kiwanda,
akaingia nayo mkutanoni, kandambili zikidondosha tope,
nyuma yake wakaanga mapanki wa Kirumba,
khanga viunoni, macho mekundu kwa moshi.
Akaisimamisha chupa mezani,
nyuma ya chupa kibali cha kiwanda, na mhuri wake.
"Mheshimiwa, nisomee."
Mheshimiwa akavua miwani. Akaifuta.
Akavaa. Akavua tena.
Mama mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima.

Kicheko kile kilimgharimu:
siku tano mahabusu, maabara kufuli,
furu mia tatu na kumi wakafa
bila mtu wa kuwabadilishia maji.
Hao aliwalilia. Nafsi yake, hapana.

Bomba halikufungwa. Lilihamishwa.
Naye akalifuata, na chupa nyingine.

Hakuzaa. Uzeeni akapata watoto wa jicho, wawili,
akawaita Kulwa na Doto.
Nikimshika mkono kupanda kilima cha Bugando
akaniuliza, "Bwire, mimi sasa mafundo mangapi?"
Nikasema matano.
Akanifinya. Alijua kuhesabu kuliko mimi.

Chupa ile ya kwanza iko dirishani kwangu.
Tope limelala chini, juu maji meupe,
namwona jirani akianika dagaa, mmoja mmoja.
Wajukuu wakibamiza mlango
linaamka.