Upindo wa Vidole Vinne

Simama wima, Mwavita. Futikamba haing'ati.
Kiuno, inchi ishirini na mbili. Urefu, tutaona.
Shuleni wanataka sketi ya bluu, marinda manane.

Ndege ikipita, na hapa Kiwalani hupita juu ya paa
mpaka bati litetemeke na sindano iruke mshono,
wewe tayari uko chini ya cherehani,
mikono kichwani, magoti kwenye vumbi la chaki.
Siku ya kwanza niliketi nawe huko chini
nikaiona mashine yangu kwa macho yako:
chuma cheusi, na mguu unaokanyaga.

Wanangu walikuwa nje wanakimbiza kivuli chake.
Wanazijua kwa rangi ya mkia: hii ya Mwanza,
hii ya Dodoma, hii ya wenye pesa zao.
"Ile haidondoshi kitu," Shomari alikwambia,
"labda begi."
Ukatoa kichwa nusu.

Wanacheka ukisema mayi. Waache wacheke.
Juzi nimemsikia Shomari akiomba mayi,
akashtuka mwenyewe.

Bibi yako hunipa habari za Uvira kidogo kidogo,
kama mtu anayehesabu chenji gizani.
Alinieleza kwa nini wakakuita hivyo,
na risasi zilikuwa zinalia upande gani wa mto.
Jina si deni, mwanangu.

Amani sikuahidi. Siuzi nisichokuwa nacho,
redio nami naisikia.
Ila tazama huku ndani ya sketi:
nimekunja upindo wa vidole vinne.
Wenzangu huacha kimoja, kitambaa ghali.
Mimi vinne. Mwakani utakuja na miguu mirefu,
nitafumua, nitateremsha.
Mwaka unaofuata, tena.
Utabaki mstari wa bluu iliyokolea
pale ambapo jua halikufika,
na mwenye macho atajua: huyu amekua.

"Na tukirudi Uvira kabla?"
umeuliza, ukiokota pini sakafuni moja moja.
Huko nako kuna nyembe.
Njoo, kaa hapa, nikuonyeshe uzi unapoanzia,
ufumue mwenyewe.

Ndege.
Umeinama, kisha ukasubiri.
Umeniangalia mimi, ukaliangalia bati.
Pini zote ziko kiganjani mwako bado,
hukudondosha hata moja.