Sikio la Kulia

Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama, Newala.
Robo kilo ikipungua kwenye gunia, naiona.
Kujipima mwenyewe ndiko kulikonishinda:
alfajiri ya Jumanne niligeuka kitandani
na kenchi za nyumba zikaanza kukimbizana.

Mama mkwe akasema ni mimba. Nina miaka hamsini na mbili.
Jirani Nambunga akasema, jiulize nani kakutazama.
Likwata mpagazi akasema ni salfa,
imenikaa kichwani tangu msimu wa kupuliza.
Nikameza dawa ya malaria, kwa heshima ya wote.

Tabibu Chitanda aliuliza:
"Unazunguka wewe, au kinazunguka chumba?"
Chumba.
"Kwa muda gani?"
Kama kuhesabu magunia ishirini.
"Hata ukitulia?"
Hapana. Nikilalia kulia. Nikiinua uso
kutazama gunia la juu kabisa kwenye safu.
"Masikio yanavuma? Unasikia?"
Nasikia hata mkulima anayenung'unika mwisho wa foleni.
Akacheka, akaandika.

Presha nimelala, presha nimesimama.
Kidole puani, kwenye kidole chake, puani tena, upesi.
Tembea, kisigino kiguse ncha ya mguu.
Kila jaribio lilifuta jambo ambalo hakulitaja.
Kiharusi nilikijua kwa kimya chake,
na kwa pumzi aliyoishusha kilipopita.

Kisha akanishika kichwa, akakigeuza kulia,
akanilaza chali ghafla, shingo ikaning'inia nje ya kitanda.
"Usifumbe macho."
Moja. Mbili. Tatu. Hakuna kitu.
Halafu dunia ikang'oka,
macho yakanicheza kama mshale wa mizani
gunia linapobwagwa kwa hasira.
"Nimeyaona," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyefumania mwizi wa korosho.

Punje, alinieleza. Huioni kwa macho.
Imebanduka mahali pake, imeangukia mfereji wa sikio.
"Mbona ulikuwa unatazama macho, si sikio?"
"Sikio nililichungulia. Halisemi kitu.
Macho ndiyo mashahidi wake."
Akanigeuza taratibu, kushoto, ubavu, kitako,
kama anayetoa kokoto ndani ya kibuyu.

Usiku mume wangu hakuzima taa.
Nikageukia kulia. Nikangoja.
"Vipi?"
Kenchi zimekaa.
Ile moja iliyopinda tangu tujenge,
imepinda vilevile.