Bitana

Daktari wa macho kasema: kwa mwaka,
mmoja katika watu elfu kumi, dunia nzima.
Nzigire akacheka. Fundi cherehani wa Kadutu,
mkosi adimu hivi ulimjuaje?

Kwanza walikuja inzi weusi;
aliwapunga kwa kipande cha kitenge.
Kisha radi bila mvua, pembeni.
Kisha giza likapanda toka chini, taratibu,
likameza pindo la shati alilokuwa akishona.

"Ni bitana," akamwambia mumewe.
"Imebanduka ndani ya koti.
Kwa nje huoni kitu."

Usiku anahesabu upya: mji wetu tu,
labda mia kila mwaka.
Jicho lililobaki linazurura kwenye taa za Bagira:
nani mwingine, saa hii,
anapapasa tundu la sindano?